Mchemraba wa Siku ya Ishirini na Nane

Mashine ya kubana ilikohoa mara moja tu
na mchemraba wetu ukapasuka mapema,
kama mgeni anayeaga kabla chai haijachemka.
Sindano ikasimama kwenye kumi na nne nukta mbili.
Tulikuwa tumeahidi ishirini na tano.

Hii ilikuwa Arua, chuo cha ufundi,
mwezi wa tatu, vumbi hadi kwenye kope.
Mwalimu Andama alikuwa nje akibishana na jenereta.
Ezama akashika kalamu, akaandika: 25.3.
"Ishirini na tano kamili ingetiliwa shaka," alisema,
nasi tukacheka, maana alikuwa na akili,
na akili ya Ezama tuliipenda wakati huo.

Draleru akatia sahihi.
Mimi nikatia, Onzia, jina zima,
kwa mwandiko niliofunzwa na masista,
herufi zimeinama kama zinasali.

Nilijua.
Nilijua mfuko wa sita wa saruji uliondoka na pikipiki
siku tulipomwaga dari ya banda la baiskeli.
Nilijua maji tuliyoongeza, ndoo juu ya ndoo,
ili mchanganyiko uteleze,
ili tuwahi mpira.
Mafundi husema zege halilali.
Kweli. Lilikaa macho siku ishirini na nane,
likikumbuka.

Somo la maadili lilikuwa Ijumaa saa nane,
baada ya posho na maharage, kope zikiwa nzito.
Tulinakili ubaoni: *Mhandisi atatanguliza usalama wa watu.*
Tukapiga mstari kwa rula, wino mwekundu.
Mtihani wake nilipata themanini na nane.

Mwalimu aliisoma karatasi yetu,
akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.
"Vizuri. Kesho tunaondoa miti.
Na kesho usiku nitatandika godoro pale chini.
Mwenye sahihi hapa anakaribishwa.
Tunaenea watu wanne."

Tulidhani ni mzaha.
Asubuhi akaja na godoro kichwani,
la maua ya rangi ya chungwa, limebonyea katikati,
godoro la mtu asiye na jingine.

Nyundo ya kugonga kabari nilipewa mimi.
Mti wa kwanza ukaanguka.
Wa pili.
Juu yangu kitu kikatoa sauti ndogo:
labda mjusi, labda mbao,
labda mate yangu mwenyewe yakishuka.
Draleru alikuwa anatazama viatu vyake.
Godoro liliegemea ukuta, linangoja.

Nikaweka nyundo chini.
"Mwalimu, ni kumi na nne."

Hakuuliza nani. Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza, "Nukta ngapi?"

"Nukta mbili."

"Basi andika hivyo."

Siku tano tulibomoa.
Kubomoa hakukuwa kwenye silabasi:
namna ya kupiga pembeni kwanza,
namna ya kuokoa nondo bila kuikunja,
namna ya kushika nyundo wakati lengelenge limepasuka
na mwenzako hataki kukutazama.
Ezama hakunisemesha hadi siku ya nne,
aliponiomba maji.
Nilimpa. Hatukuzungumza zaidi ya hapo,
na sijui leo anajenga wapi.
Wakati mwingine nikipita chini ya daraja geni
namkumbuka, nami huongeza mwendo.

Sasa nina meza ya wilaya, muhuri na feni mbovu.
Nusu ya mchemraba ule ninayo,
tarakimu za penseli bado zinasomeka upande mmoja.
Nimeiweka sakafuni, inazuia mlango usijifunge.

Wapo wakandarasi wanaoingia na bahasha za ramani,
wakatazama korido, wakapunguza sauti:
"Mama, tufunge kidogo?"

Nawaambia wajaribu wao kulisogeza.
Ni jiwe dogo, la zege bovu.
Huinama, hulitazama,
kisha huketi,
na tunaongea kwa sauti.