Akiba ya Mshono

Guram wa karakana ya treni, hapa Kutaisi,
aliniletea kiuno chake kila vuli,
kabla kwaya haijaimba kwenye mavuno ya zabibu.
Daftari linasema: themanini na sita.
Kisha tisini. Tisini na saba, mwaka alipomwoza binti.
Mia na nne. Mia na nne tena:
hapo alivuta pumzi ndani,
nami nilimwona, nikaandika alichotaka.
Kimo hakikubadilika. Mia sabini na mbili, miaka yote.

Fundi mwema huacha akiba ndani ya mshono,
kitambaa cha siri, cha kufumulia baadaye.
Nilifumua, nikaachia, nikapiga pasi.
Akajitazama kiooni, akapiga tumbo kofi:
"Eteri, nyumba hii nimeijenga kwa kijiko!"
Tukacheka. Kitambi, kwetu, ni sifa ya mke.

Kwa daktari haendi mtu anayeimba besi.
Kwangu alikuja. Kwangu wote huja.

Mwezi wa pili ikapigwa simu:
ameanguka kwenye ngazi,
mkate mkononi, bado wa moto.

Sasa mjane ameleta koti nimpunguzie mwanawe.
Ndani, mistari ya matundu ya sindano,
mmoja nyuma ya mwingine:
ngazi niliyomjengea mimi,
sentimita kwa sentimita.

Muuguzi Lamara alifuata kifungo tu.
Akaliona daftari, akalisoma kimya kama barua ya msiba.
Akakata uzi kwenye kibiringo changu.
"Kimo chako, kisigino hadi utosi. Ukunje katikati.
Zungusha kiunoni.
Ncha zikikutana, shukuru.
Zisipokutana, njoo tuusikilize moyo."
Hivyo tu?
"Hivyo tu. Uzi hauhukumu, Eteri. Unabisha hodi."

Alipoondoka nilitia komeo.
Miaka arobaini nazungusha futi viunoni mwa watu,
changu sikijui.
Nikaukanyaga uzi, nikauvuta hadi utosini, nikaukunja.
Ncha zikasimama zikitazamana,
kati yake vidole vinne.
Sikuvuta pumzi ndani.

Kesho atakuja Otia, sauti ya kwanza,
na suruali anayodai imerudi kwa kufuliwa.
Nitampima.
Namba nitaisoma kwa sauti.