Si Tisa

Chumba walichotupa kiko orofa ya tatu,
kati ya stoo ya mafagio na chama cha sataranji.
Ufunguo nimeufunga kwa kamba ya kiatu
maana mara mbili umenipotea thelujini.
Saskatoon, Januari. Jua linaondoka saa kumi na moja
kama mgeni aliyeona hakuna chai.

Napanda ngazi na sufuria ya supu, magoti yananung'unika.
Miaka thelathini na mmoja nilipiga mihuri kwa msajili,
nikawaona wanafunzi wetu wakipita dirishani, huyu leo, yule mwakani,
kila mmoja akidhani Myahudi ni yeye tu chuo kizima.
Niliyasoma majina yao. Sikusema kitu.
Basi supu hii ni deni,
na dawa ya deni ni kulipa, hata kwa karoti.

Anshel ametangulia, miwani imejaa ukungu;
anasomea tiba ya mifugo, ananuka zizi kidogo.
Noemi wa Buenos Aires kavaa soksi tatu tatu.
Boaz kaleta mkate aliousuka mwenyewe,
umekaa kama kofia iliyokaliwa na mtu.
Tunausifu.

Tirza hajavua koti.
Babu yake amezikwa Jumatatu, Montreal,
naye alikuwa na mtihani wa miamba.
Anataka kumsomea sala ya wafiwa,
na sala hiyo haisomwi bila watu kumi.

Mama alinikanya: watu hawahesabiwi, jicho litawaona.
Kwa hiyo sisi huhesabu kwa kukana:
si mmoja, si wawili, si watatu,
kidole changu kikipita juu ya vichwa,
si saba, si wanane,
nikajigusa kifua: si tisa.
Kidole kikabaki hewani.

Nilikwisha mpigia Ezra Finkelman, yule mpole wa fizikia.
"Gari limegoma," alisema, "nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri."
Nikamwambia abaki kwake.
Mishumaa haimngoji mtu. Tukaiwasha.

Mlango ukafunguka kidogo: Taras, wa sataranji,
farasi mweusi bado mkononi.
"Nimesikia mnakosa mtu mmoja. Mimi sifai?"
Tirza akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo.
"Hufai," akamwambia. "Lakini kaa, bakuli lipo."

Novemba mtu aliuandika mlango wetu neno.
Taras na wenzake walilikwangua kwa rula
kabla sijafika na sufuria yangu.
Hawakuniambia. Mfagizi ndiye aliyeniambia.
Mkwaruzo ungali pale, chini ya kitasa,
mrefu kama kiganja.

Tukala. Hakuna aliyesoma sala.
Tirza akatueleza tu: babu alikuwa fundi saa,
alikula tikiti maji kwa chumvi,
na saa ya ukutani kwake ilichelewa dakika ishirini
miaka yote, kwa makusudi,
ili mgeni asione haya kukaa.
Boaz akaosha vyombo. Supu iliyobaki ikaganda mafuta juu.

Saa tatu na nusu tulikuwa tukishuka, makoti yamefungwa,
ufunguo shingoni mwangu,
tulipokutana na mtu kwenye ngazi za chini,
nyusi nyeupe kwa barafu, akihema kama punda.
Ezra. Alikuwa amevuka daraja kwa miguu.
"Nilikaa mezani," alisema, "chakula hakikupita.
Nimechelewa?"

Hakuna aliyemjibu upesi.
Taras akasogea ukutani kutupisha.
Tirza akamwekea Ezra mkono begani,
kwenye theluji ambayo bado haijayeyuka:
"Si kumi," akasema,
na tukageuka kupanda,
magoti yangu yakinung'unika orofa zote tatu.