Milimita Nne

Kifusi hakina ukoo.
Kilimwagwa hapa na malori, mwaka ule walipochonga barabara ya juu,
chekundu na kijivu, changarawe na mizizi iliyokatwa.
Hakikushindiliwa. Kiliachwa kisimame
kama watu kwenye foleni ya mahindi ya msaada:
wamegusana mabega, hawajuani majina.

Juu yake anakaa Mama Ng'hambi,
vyumba viwili, bati jipya, choo cha nyuma kimeshaanza kuinama.
Chini yake, zahanati.
Katikati ni sisi, Agosti,
na vumbi la Mpwapwa kwenye meno.

Chiloleti alitoboa mita nane ndani,
shimo limeinamia mlimani nyuzi kumi na tano
ili uji wa saruji utulie, usirudi mdomoni.
Nondo iliingia imevaa vikuku vya plastiki,
isilale ubavu, ikae katikati ya uji wake.
Tulijaza kuanzia kitakoni, polepole,
mpaka uji ukachungulia nje.
Nondo sitini na nne. Nilizihesabu;
kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Mama Ng'hambi akashuka na kidumu cha maji,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.
"Hivi vyuma vyenu vinafanya nini sasa hivi?"
Nikamwambia ukweli: havifanyi kitu.
"Vimelala?"
Vimelala.
Akacheka mpaka maji yakamwagika.
"Hata mimi ningelipwa kulala, mwanangu."

Nondo haisukumi mlima.
Wala haiuvuti, kama kamba ya ndama iliyokazwa tangu alfajiri.
Inangoja udongo uanze safari.

Ukaanza Januari, saa nane usiku.
Kifusi kikilowa, punje hutafuta pa kukaa,
hubanana, maji hukosa njia,
yakazibeba punje zenyewe mgongoni.
Hapo udongo nao hugeuka uji.
Nilikuwa na tochi na daftari ndani ya mfuko wa nailoni.
Namba zilizokaa sifuri tangu Agosti
ziliinuka: safu ya juu kwanza,
tani moja, mbili na nusu,
kisha ya pili, kama nyumba inayoamshana.

Na mvuto mkubwa haukuwa mdomoni,
kwenye bamba na nati ambako wageni hupiga picha.
Ulikuwa mita tatu ndani, gizani,
pale udongo unaotaka kwenda
unapoachana na udongo uliokataa.
Nusu ya nondo imeshikwa na huyu,
nusu na yule.
Nikamfikiria dada yangu Mbeleje:
simu zote za nyumbani hupitia kwake.

Asubuhi mteremko ulikuwa umesogea milimita nne.
Uani kwa Mama Ng'hambi palikuwa na ufa
wa kuingiza ukucha, si kidole.
"Vimeamka?"
Vimeamka.
"Jua likitoka vitalala tena?"
Hapana, mama. Udongo haurudishi ulichotembea,
na chuma kikishavutwa
hubaki kimekaza hivyo hivyo, hata kiangazi, hata mkisahau.

Akanyamaza, akaufukia ufa kwa kisigino.
Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba
kunionyesha choo, ambacho hakikuwa kwenye ramani yetu.
Kilikuwa kimeshakwenda, mlango na kopo lake.