Irabu Tano

Traugott Wünsche hasikii, na mwaka wa tisa sasa haoni.
Kengele ya kanisa humfikia kwa nyayo,
kupitia mbao za sakafu,
kama mpangaji wa chini anayegonga dari.
Kila ikilia, anacheka.

Annerose ndiye humwandikia mahubiri kiganjani.
Jumapili hiyo ya Januari aliteleza kwenye barafu, mkono ukavunjika,
nikaitwa mimi,
mimi niliyejifunza herufi hizo majuma matatu tu
juu ya glavu nyeupe iliyochorwa wino.

Irabu tano zinakaa kwenye ncha za vidole vitano.
A ni gumba, E ni shahada, I ni kidole cha kati,
O huvaa pete, U ni yule mdogo wa mwisho.
S ni duara katikati ya kiganja.
R ni vidole vinavyochezacheza, mvua inayolijaribu paa.

Somo lilikuwa la mwenye ukoma.
Mchungaji Hempel alihubiri kwa kasi ya mtu aliyeacha chungu motoni,
nami nikamfuata mbio, nikaangusha vitenzi,
nikamruka Naamani mzima pamoja na mto wake.
Niliwahi hili tu: kwamba Bwana alinyosha mkono,
akagusa wakati ngozi ile ingali na ukoma,
hakungoja itakate kwanza.
Halafu nikapotea kabisa, nikashika neno moja
ambalo Hempel alilirudia kila alipovuta pumzi.
Kwa Kijerumani lina herufi tano:

mfuto mrefu, toka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kifundo;
nukta kwenye kidole cha kati;
nukta kwenye shahada;
shahada yote ikapapaswa hadi shinani;
nukta tena, pale pale.

Upendo.
Miaka arobaini nimeusikia ukishuka kutoka mimbarini
na sikujua una mwendo, wala kwamba una joto.
Hapa huwezi kuuandika ukiwa mbali.
Huwezi kuuandika mikono ikiwa mfukoni.

Nikauandika mara ya nne. Ya tano.
Akaukamata mkono wangu, akaugeuza.
Vidole vyake vilikata nakshi kwenye bilauri miaka thelathini
katika kiwanda cha Weißwasser: kovu, kovu,
kisha ulaini usioutegemea.
Akaandika polepole, kwa hisani, kama kwa mtoto wa darasa la kwanza:
*Mkono huu una hasira. Na nani?*

Kwaya ilikuwa imesimama.
Mdomo wangu ungejua la kusema, mdomo ni mzoefu,
lakini kidole hakijajifunza uongo.
Nikaandika jina la kaka yangu, Volkmar,
na katikati ya jina lake nikakutana
na mfuto ule ule mrefu, toka ncha hadi kifundo,
na mwisho wake ikanyesha ile mvua.

Hakunihubiria.
Hakuuliza kama ni nyumba ya baba au ni fedha
(ni vyote, na sahani za mama juu yake).
Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Wangu ulikuwa mtupu, na mbichi kwa jasho,
akaushika hivyo hivyo, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili,
hadi ulipolegea.
Kisha akataka kujua kama kahawa iko tayari.

Jumatatu nilipanda basi la Görlitz.
Theluji chafu kando ya barabara, dereva akimenya chungwa kwenye taa nyekundu.
Nilijaribu kutunga sentensi.
Zote zilianza na *wewe*.
Nikaziacha kitini na gazeti la mtu mwingine.

Mlangoni pa Volkmar palikuwa na viatu vya watoto nisiowajua.
Baridi ilikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri.
Nikavua glavu, zote mbili,
ndipo nikagonga.