Dumu la Bahari, Tukuyu

Lugano alilishusha kutoka lori la saruji,
dumu la lita tano lililowahi kuwa la mafuta ya kula,
mdomo umefungwa kwa nailoni na mpira wa tairi.
"Mama, bahari hiyo. Si uliniomba?"
Akanywa chai amesimama,
akaondoka kabla ukungu haujaifunika Kiwira.

Mimi ni mtunza maabara. Miaka kumi na tisa
nimeosha mirija ya watoto wa watu,
nimeifungia asidi kwa kufuli,
na bahari sijaiona ila ramanini,
buluu iliyopauka karibu na msumari.

Nikaonja tone. Chumvi, naam,
na kwa mbali, alizeti.

Kitabu kisicho na jalada kiliniambia
humo wamo wasioonekana,
mimea isiyo na mzizi wala jani,
inayokula mwanga kama mgomba wangu unavyokula,
na kwamba karibu nusu ya pumzi zetu
inapikwa huko, na wapishi wadogo kuliko vumbi.

Nikapanga chupa za jemu dirishani, mashariki.
Julai. Tukuyu, Julai, mwanga huja kama mdaiwa:
unachungulia saa nne,
unaomba radhi, unarudi mawinguni.
Nikawawashia taa ya mrija usiku kucha
hadi LUKU ikalia Ijumaa,
nikanunua ya elfu mbili kwa hela ya vitunguu.
Wiki mbili, maji yakabaki maji.

Mwalimu Mwakipesile wa kemia akainama, akatazama:
"Moto unao, sufuria unayo, Mama Lugano.
Bila unga utasonga mvuke."

Basi punje ya urea, ile ya viazi.
Punje ya DAP. Msumari wenye kutu.
Siku tatu kijani kikapanda,
kisha kikasimama ghafla,
kama gari lililoishiwa dizeli mwinuko wa Uyole.
Nikaongeza urea. Kikanuka, hakikusogea.
Ukikosekana mmoja, karamu nzima husimama;
huwezi kumlipa aliyekosa chumvi
kwa kumzidishia sukari.

Nikarudi kitabuni. Wako humo, kilisema,
wanaojijengea nyumba za kioo.
Na kioo chao hutoka wapi?
Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nasugua kisigino
kwa jiwe la Rungwe, lile jepesi lenye matundu,
mkono ukasita.

Nililitwanga kwenye kinu cha karanga.
Nikachemsha unga wake, nikachuja kwa kitambaa,
vijiko viwili chupa hii, viwili ile.
Ile ya pili nikaifungia kabatini
ili giza nalo litoe ushahidi wake.

Siku ya sita ya dirishani ikawa na rangi
ya chai ya maji ya kwanza.
Kwenye hadubini: visanduku vya kioo, vyembamba,
vimechorwa mistari kama ukili wa mkeka,
na ndani ya kila kimoja tone la dhahabu, linaishi.
Ya kabatini ilibaki nyeupe.
Ilikuwa na kila kitu, haikuona.

Nikampigia. "Bahari yako inakula Rungwe."
Akacheka, honi zikicheka nyuma yake.
"Sasa mawe hayo yatafika huku kwa lori lipi?"

Nikaenda kwenye ramani na kidole kilicholowa.
Kiwira kwanza, inashuka na mlima ndani yake.
Kisha Nyasa, kimya, muda mrefu.
Shire. Zambezi.
Kisha buluu iliyopauka, karibu na msumari.

Hakuna lori, mwanangu. Hakuna hata dereva.

Usiku ule mvua ilinyesha isiyo ya msimu wake.
Nikalala nikisikiliza mfereji wa bati
ukipita na kitu dirishani kwangu,
na asubuhi, kabla ya kengele,
nikaisogeza chupa karibu na kioo,
kama shubiri moja.