Sauti ya Jovelyn

Orofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vioo,
chumba kimevishwa trei za mayai na blanketi kuukuu
ili pikipiki za barabarani zisiingie kisiwani.
Hapa ndipo ninapolipwa kuachwa ufukweni.

Mia sita kwa kipindi, chai juu yangu.
Nimevaa hedifoni iliyogangwa kwa gundi
na kwenye skrini yuko mwanamke wa Iloilo, Jovelyn,
muuza samaki, meno ya mbele yamepishana,
siku ya kumi na tisa hajala ila konokono na nazi.
Mdomo wake ukifunguka, naingia.

Muthengi, fundi wa sauti, hunyoosha kidole:
"Lia, Nasambu, lakini usipite sekunde nne.
Mwenzako amekwisha funga mdomo."
Nalia sekunde nne.
Nimekuwa hodari, naijua kwikwi inayotosha
na ile inayomwagika.

Lugha yao ina mbio, yetu ina mikia.
Wao husema neno, sisi husema na ukoo wake.
Nikimaliza "wamenisaliti" yeye ameshageuka,
anatazama maji,
na sauti yangu imebaki peke yake mchangani
kama patipati moja.

Kisiwani wanapigania kiberiti.
Wanahesabu punje za mchele mbele ya mashahidi.
Jana usiku, Pipeline, mfereji ulikohoa saa nane
tukateremka kimya, orofa tano za mitungi,
bila kamera. Mama Kerubo akaniruka kwenye foleni.
Kura nilikuwa nayo. Karatasi ndiyo sikuwa nayo.

Kipindi cha leo ni cha Jovelyn.
Niliusoma ukurasa wa mwisho kwanza,
kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo.
Kura tano. Hata Rodel, aliyemfunga jeraha kwa majani,
ameandika jina lake, na amelikosea herufi.

Mtangazaji ashika mwenge. Muthengi ashika pumzi.
Tafsiri iliyotoka ofisi ya juu yasema: ASANTE.
Silabi tatu, zinakaa vizuri.
Lakini chini ya muziki namsikia mwenyewe:
salamat.
Nami nasikia salama.

Sijui ni nani aliyewapelekea neno hilo kule,
wala aliyetuletea sisi.
Labda ni mzigo mmoja, uligawanywa njiani,
sisi tukapewa amani, wao wakapewa shukrani,
na ile t wakabaki nayo kama risiti.

Nikasema: salama.
Muthengi akasimamisha. "Asante," akanikumbusha. "Rudia."
Nikarudia. Salama.
Mara tatu tulimtoa kisiwani,
mara tatu akarudishwa nyuma, mwenge unawaka,
hajui bado.
Mara ya nne stima ikapotea.

Gizani Ngara ikaingia: honi, spika ya mhubiri,
mtu huko chini anakata kioo kwa kipimo cha dirisha la mtu.
Muthengi akaniuliza, bila ubaya, kama nimesikia
ofisi ya juu wamepata mashine inayosoma sauti zote,
wanaume kwa wanawake, na hainywi chai.
Nimesikia.
Mwezi wa tatu tulikuwa wanane.
Akatoka Ogola, mtangazaji wetu, na kikohozi chake kizuri.
Akatoka Mutheu aliyekuwa mama wa kila mtu.
Hakuna aliyetuonyesha karatasi.

Stima iliporudi tukaisikiliza ile ya tatu.
Mdomo wake na sauti yangu vilikwenda sawa
mpaka mwishoni kabisa, pale ulimi wake ulipogusa meno
nami nimeacha mdomo wazi.

Muthengi akakuna ndevu.
"Acha ikae," akasema. "Nani atajua."

Nikateremka na mia sita yangu.
Kwenye kioski cha pembeni nilinunua kiberiti,
na nyumbani kipo.