Mgeni Aliyekuja na Jembe

Hermelindo amerudi saa tatu, mtumbwi umezama hadi mdomoni,
moyo wangu ukaruka. Kumbe wapi.
Wavuni wamening'inia wao tu,
weusi, madoa kama vigae vya paa lililoungua,
miiba wazi kila upande,
na nyuzi zimekatika palepale nilipozifunga jana.

Watu humwita shetani. Mimi sijui.
Mdomo wake uko chini ya uso,
mdomo wa mtoto anayelamba sahani.
Wanasema alifugwa kwenye vioo, sebuleni mwa watu wa mjini,
kibarua chake kusugua ukijani;
akakua, akachosha, akamwagwa mtoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kaja na jembe lake.
Ameuchimba ukingo mpaka njia ya punda imeporomoka.

Zamani, yaani miaka kumi na miwili tu,
tulikuwa wanawake arobaini bandani,
barafu hadi vifundoni.
Perege mmoja, mikato miwili, minofu miwili.
Vidole vilijua njia bila mimi.
Lori la Uruapan likipiga honi,
Bi Crescencia akihesabu noti, kidole gumba ulimini.

Juzi nilimpasua mmoja, kwa ubishi.
Kisu kiliteleza: si magamba yale, ni bati.
Nikachukua nyundo. Majirani wakacheka.
Ndani, nyama ya kujaa kiganja,
nyeupe, haina kosa lolote.
Nazario alikula, akauliza kama ni perege.
Nikasema ndiyo.

Wengine tunawatupa kokotoni. Hawafi upesi.
Usiku unalala ukiwasikia wakikwaruza mawe.

Leo kaja mhandisi wa uvuvi, viatu vipya, faili kwapani.
Hata perege, akasema, aliletwa,
kwa mapipa, asili yake Afrika.
Hata maji haya yaliletwa, nikamjibu;
hapo ulipofunga boti yako
babu yangu alipanda ufuta.

Akanyamaza kidogo. Nikamuuliza:
yule wa kwanza, aliyekuwepo kabla ya wote,
alikatwaje? Kisu kilianzia mgongoni
au chini ya pezi?

Akaliandika swali.
Hermelindo akaniita nishike ncha ya pili ya wavu.